Kampuni inasema kisima kimekuta "mita 180 za dalili za mafuta". Taarifa kama hii inasomwa vipi?

MwanaWete

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Kuna taarifa ya kampuni ndogo ya kutafuta mafuta inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Pemba. Kisima chenyewe si cha kwetu, kipo nchi kavu katika nchi nyengine ya Afrika, lakini watu wanakihusisha na vitalu vyetu na wapo wanaoshawishiwa kununua hisa kupitia madalali wa mtandaoni. Jina la kampuni silitaji, nia yangu ni kujua namna ya kusoma taarifa za aina hii. Nnaandaa kipindi cha redio ya jamii na sitaki kuwapotosha watu kwa upande wowote.

Nimeyafupisha yaliyomo:

Kisima kimefika mita 2,900. Kimekuta "jumla ya mita 180 zenye dalili za mafuta mepesi na gesi". Gesi kwenye tope "ilipanda hadi mara 50 ya kiwango cha kawaida". "Mfumo hai wa petroli umethibitishwa". "Tafsiri ya awali ya logi inatia moyo sana" (logi ni vipimo vya chombo kinachoshushwa kisimani). Eneo zima lina "rasilimali tarajiwa za mapipa bilioni 1.2". Jaribio la mtiririko litafanywa vifaa vikifika, na taarifa nyengine itatoka baada ya wiki sita.

Nimeisoma mara kadhaa na neno "ugunduzi" silioni. Je, lipi katika hayo lina uzito, na lipi ni maneno matupu? Na nisubiri kuona nini ndipo niseme kisima kimepata mafuta?

---

TopeNaMwamba

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Hilo la neno "ugunduzi" umeliona vizuri. Taarifa za kampuni zilizo kwenye soko la hisa hupitiwa na wanasheria kabla ya kutoka, kwa hiyo lisilokuwemo lipime kama unavyopima lililomo.

Nianze na "dalili", kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Keekee inapokata mwamba, tope linasukumwa chini kupitia ndani ya mabomba, linatokea kwenye matundu ya keekee, kisha linapanda pembeni likiwa limebeba vipande vya mwamba. Juu vinapimwa vitu viwili: gesi iliyomo kwenye tope, na vile vipande. Vipande huoshwa na kuwekwa chini ya taa ya urujuanimno. Mafuta mazito hung'aa rangi ya kahawia au chungwa, mepesi hung'aa manjano hadi bluu nyeupe. Halafu mpimaji anadondosha tone la kiyeyusho na kuangalia rangi inatoka kwa kasi gani, inatiririka kama uzi au inasubiri mpaka kipande kisagwe. Yote hayo yanaandikwa kwenye ripoti kwa kina cha kila sampuli, na kila penye mng'ao pameitwa dalili.

Sasa tazama udhaifu wake. Dalili inakwambia kuwa mafuta yapo au yaliwahi kupita. Haikwambii kama yanaweza kutoka. Mwamba mama wenyewe, ule udongo mgumu mweusi unaozalisha mafuta, hutoa dalili za kupendeza sana na usipate hata ndoo. Kalsaiti, madini ya chokaa, nayo hung'aa chini ya taa bila mafuta yoyote. Grisi ya kwenye nyuzi za mabomba hung'aa. Na kama tope limetengenezwa kwa mafuta badala ya maji, sampuli nzima imeshachafuka, na mpimaji inabidi atenganishe mng'ao wa tope na mng'ao wa mwamba. Kazi hiyo inafanyika, lakini hukumu yake haiwi ya uhakika. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni kuwa tope lilikuwa la maji au la mafuta.

"Jumla ya mita 180" ni jumla ya nini? Vipande 40 vya mita nne na nusu, vilivyotawanyika kati ya mita 800 na 2,900, vikijumlishwa vinafika 180. Baadhi viko kwenye mwamba mama, baadhi kwenye mchanga uliojaa maji wenye mabaki ya mafuta, baadhi kwenye mwamba usiopitisha kitu. Kinachotafutwa ni unene halisi wa mwamba hifadhi, yaani ule wenye nafasi wazi zinazobeba mafuta na kuyapitisha, na huo ukitajwa lazima utajwe pamoja na mipaka iliyotumika kuuhesabu: nafasi wazi za mwamba angalau asilimia ngapi, maji yasizidi asilimia ngapi, udongo usizidi asilimia ngapi. Kwa mchanga wa kawaida utakuta mipaka kama nafasi wazi asilimia 10, maji asilimia 50 hadi 60, udongo asilimia 40. Ukilegeza mipaka hiyo kidogo, mita 8 zinageuka mita 25 bila mwamba kubadilika.

Mfano upo. Aprili 2021 ReconAfrica ilitangaza kuwa kisima chake cha 6-2 katika bonde la Kavango, Namibia, kimekuta zaidi ya mita 200 za dalili za mafuta mepesi na gesi. Bei ya hisa ilipanda sana. Kisima hicho hakikutangazwa kuwa ugunduzi wa kibiashara, na wenye hisa walifungua kesi za pamoja dhidi ya kampuni. Mita 200 hizo zilikuwa za dalili, na taarifa ilisema hivyo hivyo. Wasomaji ndio waliosoma "mafuta".

Gesi "mara 50 ya kawaida": kawaida ni ngapi? Kama tope lilikuwa na gesi asilimia 0.02, mara 50 ni asilimia 1. Kama lilikuwa na 0.2, ni asilimia 10. Haya ni mambo mawili mbalimbali kabisa. Tena gesi kwenye tope inategemea kasi ya kuchoronga, upana wa tundu na uzito wa tope. Ukichoronga haraka unasaga mwamba mwingi kwa dakika, gesi inapanda. Ukiwa na tope jepesi, gesi inaingia kisimani kwa wingi. Ukiwa na tope zito linaisukuma gesi irudi kwenye mwamba, na unaweza kupita kwenye hifadhi nzuri huku mashine ikionesha kidogo. Kuna pia gesi inayoibuka pampu zinapozimwa ili kuongeza bomba, na ile inayoibuka baada ya kutoa mabomba yote na kuyarudisha. Hizo zinaruka juu sana na hazipimi mwamba, ila kwenye grafu ya taarifa zinaonekana vilele vizuri.

Chenye faida zaidi kuliko wingi wa gesi ni mchanganyiko wake. Kromatografu inatenganisha methani, ethani, propani, butani na pentani. Gawa methani kwa ethani. Kwa kanuni ya zamani ya wapima tope, uwiano wa 2 hadi 15 unaelekea mafuta, 15 hadi 65 unaelekea gesi, zaidi ya 65 ni gesi kavu ambayo mara nyingi hailipi, na chini ya 2 ni mabaki ya mafuta. Ni mwongozo tu, hauamui peke yake. Lakini kampuni inayosema "mafuta mepesi" huku haitaji kama propani na butani zilionekana, imeacha kitu ilichokuwa nacho mkononi siku ile ile.

"Mfumo hai wa petroli" maana yake mwamba mama umeiva na mafuta yamesafiri. Kwa hilo Pemba hatukuhitaji kisima. Mafuta yanavuja yenyewe Tundauwa, yanajulikana toka zamani, na mpaka leo hakuna pipa lililouzwa.

---

MwanaWete

Shukrani sana, TopeNaMwamba. Hapo kwenye logi sasa. "Tafsiri ya awali inatia moyo" inatofautiana vipi na dalili? Nilidhani logi ndiyo kipimo chenyewe.

---

Dira_ya_Fumba

Logi ni kipimo kizuri kuliko vipande, kwa sababu chombo kinashushwa mpaka kwenye mwamba wenyewe. Lakini nacho hakioni mafuta moja kwa moja. Kinaona mambo mengine, na mtaalamu anakisia mafuta kutokana nayo.

Mionzi ya gamma inatenganisha mchanga na udongo. Ukinzani wa umeme unapanda pale ambapo nafasi wazi hazina maji ya chumvi, kwa sababu mafuta na gesi havipitishi umeme. Kipimo cha uzito na kipimo cha nyutroni vikisomwa pamoja vinatoa nafasi wazi, na vikipishana kwa upana kwenye mchanga safi, hapo kuna gesi. Mpaka hapo kila kitu kinasomeka vizuri.

Kinachoharibu ni kwamba ukinzani unapanda pia kwenye mwamba uliobana, kwenye chokaa ngumu, kwenye makaa ya mawe, na kwenye mchanga wenye maji matamu. Ili kubadilisha ukinzani kuwa asilimia ya maji lazima ujue chumvi ya maji ya mwamba ule. Kwenye bonde jipya lisilokuwa na kisima chengine karibu, chumvi hiyo ni ya kukisia. Ukikisia maji kuwa matamu zaidi kuliko yalivyo, hesabu inakupa maji mengi na mafuta machache. Ukikisia chumvi zaidi ya iliyopo, mafuta yanaongezeka kwenye karatasi. Ndiyo maana neno "awali" limewekwa pale, na ndiyo maana wataalamu wawili waaminifu wanaweza kutoa majibu yanayotofautiana kwa kisima kimoja.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiamini mimi: shinikizo na sampuli. Chombo kinashushwa kwa waya, kinajibana ukutani mwa kisima, kinaingiza bomba dogo kwenye mwamba na kusoma shinikizo la kiowevu kilichomo. Kinafanya hivyo kwenye vina tofauti ndani ya tabaka moja. Shinikizo linaongezeka kadiri unavyoshuka, na kasi ya kuongezeka inategemea uzito wa kiowevu. Maji ya chumvi huongeza kiasi cha psi 1.45 (pauni kwa inchi ya mraba) kwa kila mita. Mafuta huongeza kiasi cha 1.0 hadi 1.2. Gesi huongeza chini ya 0.4.

Chukua namba hizi za kujifunzia. Kwenye mita 2,310 chombo kimesoma psi 3,412, kwenye mita 2,330 kimesoma 3,434. Tofauti ni psi 22 kwa mita 20, yaani 1.1 kwa mita: mafuta. Shuka kidogo, mita 2,345 kimesoma 3,453, na mita 2,365 kimesoma 3,482. Tofauti ni 29 kwa mita 20, yaani 1.45: maji. Chora mistari miwili, inakutana karibu na mita 2,338. Hapo ndipo mafuta yanapokaa juu ya maji. Kwa nusu siku ya kazi umepata aina ya kiowevu, mpaka wake na unene wake. Tena tabaka likiwa limebana, chombo kinakwambia, kwa sababu shinikizo linachukua muda mrefu kurudi au halirudi kabisa.

Kisha chombo hicho hicho kinanyonya kiowevu mpaka tope lililopenya kwenye mwamba liishe, halafu kinajaza chupa. Chupa ikifika juu ikiwa na mafuta ya mwamba ule, mjadala wa kama yapo umekwisha. Kampuni ikisema ilijaribu kuchukua sampuli ikashindwa kwa sababu za kiufundi, inawezekana ni kweli kabisa: tundu limepanuka vibaya, chombo hakijibani, au kisima kinatishia kuanguka. Lakini matokeo yake ni yale yale, ushahidi haupo. Kisima cha Mukuyu-1 cha Invictus Energy kule Zimbabwe, mwaka 2022, kilikuwa na dalili na logi za kutia moyo, lakini sampuli hazikupatikana. Kampuni ilitangaza ugunduzi wa gesi mwishoni mwa 2023 tu, baada ya Mukuyu-2 kutoa sampuli. Huo ndio mpangilio unaostahiki.

Kwa taarifa yako, MwanaWete: mita 2,900 zimeshachorongwa na logi zimeshapitishwa, lakini shinikizo na sampuli havikutajwa hata kwa neno moja. Hilo ningelitangaza kwenye kipindi kabla ya jambo jengine lolote.

---

BiMkoani

Naungana na kaka Dira kwenye shinikizo, ila naongeza upande wa jaribio la mtiririko kwa sababu ndilo litakalokuja baada ya wiki sita, na ndilo lenye namba zinazopambwa zaidi.

Namba ya mapipa kwa siku haina maana bila mambo manne: ukubwa wa choki, yaani tundu linalobania mtiririko kule juu, shinikizo la juu ya kisima wakati huo, muda uliotiririka, na asilimia ya maji. Choki inapimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Tundu la 64/64 lina eneo mara nne ya la 32/64. Kwa hiyo mapipa 3,000 kwa choki ya 32/64, shinikizo likiwa limetulia kwa saa 24, ni kisima kizuri. Mapipa 3,000 hayo hayo kwa choki ya 64/64 kwa saa mbili, huku shinikizo likishuka, ni kisima kinachopumua pumzi ya mwisho. Taarifa mbaya inachukua ile saa moja ya juu kabisa, inaizidisha kwa 24 na kuiita "mapipa kwa siku".

Baada ya kutiririsha, kisima hufungwa ili shinikizo lipande, na muda wa kufunga huwa mrefu kuliko wa kutiririsha. Usiruke sehemu hii. Shinikizo likirudi mahali pake pa mwanzo, hifadhi ni kubwa kuliko kilichotolewa. Likirudi pungufu baada ya kutoa kidogo tu, tabaka ni dogo au limefungwa pande zote, na mtiririko wa juzi hautarudiwa. Kampuni ikisifu mtiririko na kunyamazia kufunga, uliza.

Mambo mengine yanayoleta utata: kabla ya jaribio, bomba hujazwa dizeli au maji ili kupunguza uzito juu ya mwamba, na kiowevu cha kwanza kutoka ni hicho. Wengine hupitisha naitrojeni ili kukivuta kisima, au humwaga asidi. Si makosa, ni kazi za kawaida, lakini kisima kilichotoka kwa kuvutwa kisiitwe kimetiririka chenyewe. Na "gesi ilifika juu kwa kiwango kisichopimika" maana yake ni ndogo mno kupimika. Msomaji wa haraka huelewa kinyume chake.

Picha ya moto msiiamini. Gesi futi za ujazo milioni 1 kwa siku inatoa mwale mkubwa wa kujaza picha nzima, na kwa kisima cha baharini kiasi hicho hakilipi hata gharama ya meli za huduma. Uliza pia gesi hiyo ina nini ndani, kwa sababu kaboni dioksidi na naitrojeni hupatikana na hazina mnunuzi.

Kisha kuna "mapipa sawa na mafuta". Futi za ujazo 6,000 za gesi huhesabiwa pipa moja kwa nguvu ya joto. Gesi milioni 30 kwa siku inageuka "mapipa 5,000". Joto ni sawa, fedha si sawa: pipa la mafuta unalipakia melini na kuliuza popote, gesi inataka bomba, mtambo na mnunuzi aliyesaini mkataba wa miaka.

Kuhusu mapipa bilioni 1.2. Kwa utaratibu wa kimataifa kuna madaraja matatu: rasilimali tarajiwa ni za mahali ambapo hapajagunduliwa kitu, rasilimali zenye masharti zimegunduliwa lakini hazijathibitika kulipa, akiba ni zile zenye mpango wa kuzalisha. Bilioni 1.2 yao iko daraja la chini kabisa, na ilikuwepo kabla kisima hakijachorongwa. Uliza kama ni makisio ya chini, ya kati au ya juu, kama ni ya mtego huu mmoja, yaani umbo la mwamba linalozuia mafuta yasipite, au ya vitalu vyote kwa pamoja, na kama ni mafuta yaliyomo ardhini au yanayoweza kutolewa. Halafu zidisha uwezekano wa kila kinachohitajika. Tuseme mwamba mama 0.8, mwamba hifadhi 0.5, mtego 0.6, mwamba wa kufunika 0.6: jibu ni 0.14. Visima sita katika saba vya aina hiyo havipati kitu.

Unaweza kujikadiria mwenyewe pia. Eneo la kilomita za mraba 10, unene halisi mita 20, nafasi wazi asilimia 18, mafuta asilimia 65 ya nafasi hizo. Zidisha: meta za ujazo milioni 23.4. Mafuta yakipanda juu hupoteza gesi na kusinyaa, gawa kwa 1.2, inabaki milioni 19.5. Zidisha kwa 6.29 kupata mapipa: karibu milioni 123 ardhini. Ukitoa robo yake, milioni 31. Sasa badilisha kitu kimoja, unene halisi uwe mita 6 badala ya 20: inabaki milioni 9 za kutoa. Ndiyo maana tunang'ang'ania unene halisi na hatutosheki na "jumla".

---

Dira_ya_Fumba

Bi Mkoani, ahsante, ila tahadhari moja kwa wasomaji. Wasiondoke hapa wakidhani bila jaribio la mtiririko hakuna ugunduzi. Kwenye kina kirefu cha bahari jaribio moja ni gharama kubwa mno, na visima vingi vya kwanza hutangazwa kwa logi, shinikizo na sampuli tu. Gesi ya Jodari, baharini kule kusini mwa pwani ya Tanzania, iligunduliwa 2012, na jaribio likafanywa 2013, likatoa gesi kiasi cha futi za ujazo milioni 70 kwa siku. Hakuna aliyekosea pale 2012. Kisima cha nchi kavu kama hiki anachokizungumzia MwanaWete kina udhuru mdogo zaidi wa kuchelewesha jaribio.

---

BiMkoani

Kweli kabisa, nakubali. Baharini sampuli na shinikizo vinatosha kuita ugunduzi. Kuita biashara ndiyo kunataka jaribio, na mara nyingi kisima cha pili na cha tatu.

---

KisimaChaZamani

Niongeze ya kwetu, kwa sababu kipindi ni cha Pemba na simu za wasikilizaji zitauliza hapo hapo.

Kuchorongwa kwetu si jambo jipya. BP na Shell walikuwa na leseni za pwani yote hii tokea miaka ya 1950, wakachimba Zanzibar-1 upande wa Unguja, na Pemba-5 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Visima virefu vya maelfu ya mita, na havikuacha uzalishaji. Baada ya hapo suala likakaa kwenye mambo ya Muungano kwa miaka mingi, mpaka Sheria ya Mafuta na Gesi Asilia Nam. 6 ya 2016 ilipoweka mdhibiti wetu, ZPRA, na kampuni ya umma, ZPDC. Oktoba 2018 ukasainiwa mkataba na RAK Gas kwa kitalu cha Pemba-Zanzibar, na Machi 2024 Serikali ikafungua zabuni ya kwanza ya vitalu vya baharini. Leseni, zabuni na picha za chini ya ardhi zinazopigwa kwa mitetemo hazisemi kuna mafuta. Zinasema kuna mahali pa kuchoronga.

Mvujo wa Tundauwa nao una pande mbili. Unathibitisha mafuta yamezalishwa chini. Unaweza pia kumaanisha mwamba wa kufunika umepasuka na mafuta yanapotea, na yanayofika juu huliwa na bakteria yakabaki mazito. Wote wawili, mwenye matumaini na mwenye shaka, wanaweza kuutumia mvujo ule ule.

Kwa kulinganisha, tazameni jirani zetu wa Kenya. Kisima cha Mbawa-1, mwaka 2012, kampuni ya Apache ilipata mita 52 halisi za gesi katika matabaka matatu, kisima kikazibwa na hakikuendelezwa. Sunbird-1, mwaka 2014, BG walikuta kwenye mwamba wa kale wa matumbawe safu ya gesi ya mita 29.6 juu ya safu ya mafuta ya mita 14. Mafuta ya kweli, kwenye pwani hii hii ya Afrika Mashariki, na hayakulipa. Mwandishi wa redio akisikia "mafuta yamepatikana baharini" asingekosea, lakini msikilizaji angeelewa jambo jengine kabisa.

Na hata kisima kikiwa kizuri, muda ni mrefu. Songo Songo iligunduliwa na AGIP 1974, gesi yake ikafika Dar es Salaam 2004. Ngamia-1 ya Turkana ilitangazwa Machi 2012 na zaidi ya mita 20 halisi za mafuta, baadaye ikapandishwa zaidi ya mita 100, na bado Kenya haijaingia uzalishaji kamili. Uganda iligundua 2006, uamuzi wa kuwekeza ukaja Februari 2022, na mafuta yale ni ya nta, yanaganda, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, ng'ambo ya pili tu kutoka Pemba, linapashwa moto njia nzima. Anayeuza kiwanja leo kwa bei ya mafuta ya mwaka ujao anamdhulumu mnunuzi.

---

MwanaWete

Allah awalipe kheri nyote. La mwisho: wapo watu watakaoniuliza wanunue hisa au wasinunue. Siwezi kuwajibia, lakini niwape kitu gani cha kuangalia wenyewe?

---

TopeNaMwamba

Waangalie vitu viwili ambavyo havihitaji kujua jiolojia.

Cha kwanza ni fedha taslimu. Kwenye ripoti ya robo mwaka tazama zimebaki ngapi na kisima kinagharimu ngapi. Kampuni ndogo isiyozalisha haina mapato, inaishi kwa kuuza hisa mpya. Ikiwa fedha zimebaki za miezi miwili na taarifa ya kutia moyo imetoka, tarajia hisa mpya kuuzwa ndani ya wiki chache, mara nyingi kwa bei pungufu, na sehemu ya mwenye hisa wa zamani inapungua hata kama kisima ni kizuri. Angalia pia kama wakurugenzi wananunua au wanauza, hiyo hutangazwa.

Cha pili ni kulinganisha taarifa na kanuni za soko lenyewe. Soko la hisa la Australia, ambako kampuni nyingi za namna hii zimeorodheshwa, kanuni yake ya 5.30 inataka matokeo muhimu ya kisima yataje jina na aina ya kisima, mahali, sehemu ya umiliki, unene halisi pale unapotajwa unene wa jumla, aina ya mwamba, kina cha matabaka yaliyojaribiwa, aina na muda wa majaribio, viowevu vilivyotoka pamoja na maji, ukubwa wa choki na viwango vya mtiririko. Hata kampuni ikiwa soko jengine, ichukue orodha hiyo, weka tiki kwenye kilichotajwa na uache wazi kisichotajwa. Taarifa uliyotuletea ina kina cha kisima na mita za jumla, basi.

Waandikie kitengo cha wawekezaji kwa barua pepe, hujibu: unene halisi ni mita ngapi na kwa mipaka ipi, tope lilikuwa la nini, shinikizo lilipimwa kwenye pointi ngapi na linaongezeka psi ngapi kwa mita, sampuli ilijaribiwa, na kama ilijaribiwa ilitoka nini, bomba la chuma la kulinda tundu limeshushwa na kuwekewa saruji mpaka kina gani. Hilo la mwisho lina maana yake: kisima cha kujaribiwa baadaye kwa kawaida huwekewa bomba kupita matabaka yanayokusudiwa. Kama wamezungumzia jaribio lakini tundu limeachwa wazi au limezibwa kwa saruji, jaribio la kisima hicho litilie shaka.

Hewani soma majibu yao kama yalivyo. Na wiki sita zikipita, taarifa mpya ikawa inazungumzia kisima cha pili bila kutaja sampuli wala mtiririko wa hiki, sema kwamba kampuni haijatangaza sampuli wala mtiririko kutoka kisima cha kwanza, utaje tarehe, uendelee na habari nyengine.